Bunduki na Aliyeiuza

Ukitoka mjini Naivasha na kushuka kuelekea ziwani utaukuta mtaa uitwao Kihoto. Neno hili ni la Kikikuyu, na maana yake ni haki, au hoja iliyo wazi hata isiweze kupingwa. Usiku wa tarehe 26 Machi, 1953, wapiganaji wa Mau Mau walikivamia kituo cha polisi cha Naivasha, wakawafungua mahabusu, wakatoweka na bunduki na risasi nyingi. Mwaka ule ule Serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Silaha. Hata leo, ijapokuwa imerekebishwa mara kadhaa, sheria hiyo humkataza mwenye duka la bunduki kumwuzia mtu asiye na cheti, nacho cheti hakipewi mlevi wala mwenye wazimu. Kweli, bunduki za Naivasha hazikununuliwa na mtu, zilitekwa. Lakini swali la nani astahiliye kuuziwa ni la zamani zaidi, nalo lilizuka pwani.

Katika karne ya 19 majeshi ya Ulaya yalibadili silaha zao mara kwa mara, na kila walipopata bunduki mpya, zile kuukuu ziliuzwa kwa bei rahisi. Nyingi zilishushwa Unguja. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki baina ya 80,000 na 100,000 huingia bara kila mwaka. Mwuzaji hakumwuliza mnunuzi jambo lolote ila pembe za ndovu ni ngapi. Kama bunduki ingewinda tembo au ingechoma kijiji na kuteka watumwa, hilo hakuliona kuwa shauri lake.

Basi mwaka 1890 mataifa yalikutana Brussels, yakaagana kwamba silaha ziwekwe katika maghala ya serikali, zisitoke ila kwa kibali. Walisema ni kwa ajili ya kukomesha biashara ya watumwa, na hapana shaka hilo lilikuwamo. Walakini walioandika mapatano hayo walikuwa pia wakiigawanya Afrika, wala hawakupenda kukuta wenyeji wenye silaha njema. Baadaye, katika Bonde la Ufa, mlowezi alipata bunduki kwa urahisi, na Mwafrika akanyimwa. Naona huko hakukuwa kumpima mtu tabia yake, bali rangi yake.

Aliyelipa kwa maisha yake katika mambo haya ni Charles Stokes wa Ireland. Alikuja kama mmisionari, kisha akaacha kazi hiyo akawa mfanyabiashara, akaoa Unyamwezi, akaongoza misafara mikubwa. Kwa bunduki zake Wakristo wa Buganda walisaidiwa kumrudisha Mwanga katika ufalme. Januari 1895 Kapteni Lothaire wa Dola ya Kongo alimshitaki kuwa amewauzia silaha adui wa dola, akamnyonga upesi, bila hata kumpa nafasi ya kukata rufani. Uingereza ilighadhibika, na Kongo ikalipa fidia. Mwaka 1896 Lothaire alihukumiwa Boma, kisha Brussels, na pote akaachiliwa. Mahakama hizo zilichunguza kama kapteni alikuwa na ruhusa ya kunyonga. Walioangukiwa na risasi za Stokes hawakuitwa kutoa ushahidi.