Majivu ya makaa ya mawe: mali au mzigo?

Wadau, mjadala wa umeme wa makaa ya mawe ukirudi tu, lazima utamsikia mtu akisema, "Majivu si shida, tutayageuza simiti." Juzi nimemsikia tena mmoja kwenye runinga. Hakudanganya. Ila alisimulia nusu ya hadithi.

Tuanzie Montana, Marekani. Kati ya 1948 na 1953 walijenga bwawa la Hungry Horse. Zege nyingi kiasi kile hupata joto ikishika, na ikipoa inaweza kupasuka. Wahandisi wakapunguza saruji, mahali pake wakatia majivu laini yale yanayonaswa kabla hayajatoka na moshi. Yana silika, yakikutana na chokaa na maji hushika polepole, bila joto jingi. Warumi walifanya vivyo hivyo na majivu ya volkano. (Hata kwetu viwanda huchanganya mawe ya volkano kwenye saruji. Soma mfuko wako.) Jipsam ya dari nayo inaweza kutoka kwa mtambo wa makaa, salfa ya moshi ikisafishwa kwa mawe ya chokaa.

Kwa hivyo ujuzi ulikuwepo. Sasa twende Tennessee, mtambo wa Kingston, uliojengwa miaka hiyo hiyo ya 50. Majivu yalirundikwa yakiwa na maji kwenye bwawa kando ya mto. Usiku wa 22 Desemba 2008 ukingo ukabomoka, tope la zaidi ya mita za ujazo milioni 4 likamwagikia nyumba na mto Emory. Tope lenye arseniki, wadau. Miaka 55 baada ya Hungry Horse!

Mbona? Kwa sababu mtambo hautoi majivu kwa oda. Unayatoa kila siku, mjenzi anunue asinunue. Yakiwa na kaboni nyingi ambayo haikuungua, yanaharibu zege. Na kuyasafirisha ni pesa. India mwaka 1999 iliwaamuru watengeneza matofali walio ndani ya kilomita 50 za mtambo wachanganye majivu. Baadaye kilomita zikawa 100, halafu 300. Mali gani hiyo ambayo watu hulazimishwa kuichukua?

Turudi Lamu. Leseni ya mtambo wa megawati 1,050 ilifutwa Juni 2019 na jopo la kitaifa la kesi za mazingira, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Viwanda vyetu vikubwa vya saruji viko Athi River na upande wa Mombasa na Kilifi. Piga hesabu ya lori mwenyewe.

Nikikutana na yule jamaa wa runinga nitamuuliza mambo matatu tu: nani ametia sahihi kununua, tani ngapi kwa mwaka, na yatakayobaki yatalala wapi, umbali gani kutoka baharini?