Daftari la mjomba na gari linalokunywa petroli

Najua nimepotea, na wengine mmeanza kudhani blogu hii imekufa. Haijafa. Nilikuwa Tiwi, nimelala chali chini ya gari la mjomba wangu, na leo nataka niwasimulie nilichokikuta huko. Ni kisa cha gari, lakini pia ni kisa cha historia, na sisi tunaoandika programu kinatuhusu sana.

Mambo yalianza kwa simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Gari naliuza."

Nikadhani anatania. Gari lile ni Toyota Corolla AE100, injini ya 5A, lililotengenezwa Japani mwaka 1995. Mjomba alilinunua Mombasa mwaka 2002, likiwa limetumika, akalitumia miaka yote ya ualimu wake hadi akastaafu nalo. Sasa limeshapita kilomita 340,000. Mara mbili kwa wiki humpeleka mkaza mjomba kliniki Mombasa. Mama huyu miguu haimbebi tena. Bila gari, ni kupanda matatu hadi Likoni, kushuka, kutembea na umati wa watu hadi ndani ya feri, kisha kutafuta matatu nyingine ng'ambo. Kwa hiyo kuliuza si jambo dogo.

"Lanywa petroli kama limelaaniwa," akaniambia. "Kila tarehe 14 EPRA wakitangaza bei mpya, mimi nahesabu siku za kliniki."

Nikafunga safari.

Nilikwenda na kifaa changu cha kusomea kompyuta ya gari, kile kidogo cha Bluetooth kinachouzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Vingi vya aina hii ni nakala za ELM327, kitu kilichobuniwa na kampuni ndogo ya Kanada, ELM Electronics. Toleo lao la kwanza halikufungiwa programu yake isisomwe, basi likanakiliwa dunia nzima. Kampuni yenyewe ilifunga kazi mwaka 2022, lakini nakala bado zinauzwa kila kona.

Nikainama chini ya usukani kutafuta mahali pa kukichomeka. Hapakuwepo.

Hapo ndipo historia iliponipiga kibao cha kwanza. Soketi ile ya pini 16 ililazimishwa kwa magari yote yaliyouzwa Marekani kuanzia modeli za 1996, kwa jitihada za jimbo la California lililokuwa limechoshwa na moshi. Ulaya wakafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli. Gari la mjomba ni la 1995 na liliundwa kwa ajili ya barabara za Japani. Kifaa changu na gari hili ni watu wa vizazi viwili wasiojua lugha moja.

Nikarudi barazani nimenywea. Mjomba akacheka, akaingia ndani, akatoka na daftari.

Wasomaji, mimi nimefanya kazi na watu wenye shahada za kompyuta ambao hawaweki kumbukumbu kama mzee huyu. Tangu 2002, kila anapojaza tangi ameandika tarehe, kilomita, lita na shilingi, na upande wa kulia safu ya "maelezo". Anajaza tangi hadi juu kila mara, na hiyo ndiyo njia sahihi ya kupima: gawanya kilomita ulizotembea tangu kujaza mara ya mwisho kwa lita ulizotia sasa. Ukitia lita tano leo na kumi kesho bila kujaza, hujui kitu.

Jioni ile nikaziingiza nambari zile kwenye lahajedwali, nikachora mchoro. Nilitarajia mteremko mmoja mrefu, yaani gari linazeeka na ulaji unapanda polepole. Sivyo. Mchoro ulikuwa ni ngazi. Mwaka 2002 gari lilikuwa likienda kilomita 13 kwa lita. Mwaka 2004 likaanguka ghafla hadi 11.5, likatulia hapo miaka saba. Mwaka 2011 likaanguka tena hadi 10. Mteremko wa kweli ulianza miaka miwili tu iliyopita, ukalifikisha kwenye 8.

Uzee hauji kwa ngazi. Kuna mtu alifanya kitu mwaka 2004, na kuna mtu alifanya kitu mwaka 2011.

Majirani walikuwa na jibu lao: petroli siku hizi inachanganywa na mafuta ya taa. Udanganyifu huo upo, ndiyo maana mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuukomesha. Lakini binamu yangu hujaza pikipiki yake kituo hichohicho na ulaji wake haujabadilika. Nikaliweka kando.

Kwenye maelezo ya 2004 mjomba ameandika: "Injini yapanda na kushuka ikisimama. Fundi ametengeneza." Nikamuuliza ile taa ya njano yenye picha ya injini iliwaka lini mara ya mwisho. Akajibu kwa fahari, "Haijawaka hata siku moja tangu wakati huo." Nikazungusha ufunguo bila kuwasha injini. Taa zote za dashibodi huwaka hapo kwa sekunde chache, zijipime. Ya injini ikabaki kiza. Tukafungua dashibodi: balbu haipo! Gari lilikuwa likilalamika miaka ishirini na mdomo umezibwa.

Tukatia balbu. Toyota za rika hili zina njia yao ya kusema. Chini ya boneti kuna kisanduku kidogo kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Unaunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, unazungusha ufunguo, kisha unahesabu taa inavyopepesa. Ilipepesa mara mbili, ikapumzika, ikapepesa mara moja. Ishirini na moja: sensa ya oksijeni. Tukafuata waya wake hadi kwenye bomba la moshi, tukaukuta umekatwa kwa koleo na kufungwa utepe.

Sasa tuzungumze sensa hii, maana ndiyo kiini cha mambo. Petroli huungua vizuri ikiwa kila kilo moja imekutana na kilo 14.7 za hewa. Zamani kipimo hicho kilikadiriwa na karabureta kwa matundu na upepo. Mwaka 1967 Volkswagen 1600 ilitoka na mfumo wa Bosch, ambapo kisanduku cha umeme ndicho kilichoamua nozeli zimwage kiasi gani. Hata hivyo kisanduku kilikuwa kikikadiria tu, hakikuona matokeo. Mwaka 1976 Volvo ikaweka sensa ya Bosch kwenye bomba la moshi. Ikiona oksijeni imebaki nyingi, hutoa umeme mdogo, kama volti 0.1, ikiwa petroli imezidi, kama volti 0.9. Kompyuta inasoma, inarekebisha, inasoma tena. Ukikata waya ule, kompyuta inarudi kukadiria, na ikikadiria hupendelea kuzidisha petroli kuliko kuipunguza, ili injini isiumie.

Basi kwa nini fundi aukate? Nilikuwa tayari kumtukana. Lakini fikirieni mwaka wenyewe, 2004.

Petroli tuliyokuwa tukitia wakati ule ilikuwa na risasi, madini yale ya kutengenezea betri. Iligunduliwa mwaka 1921 katika maabara ya General Motors na Thomas Midgley kwamba ukitia risasi kidogo injini haigongi, na kuanzia 1923 ikauzwa. Kwa mtoto anayevuta moshi huo, risasi huharibu ubongo. Kwa sensa ya oksijeni, hufunika ncha yake hadi isione kitu. Nchi tajiri zilikuwa zimeanza kuiondoa tangu miaka ya 1970. Afrika ya kusini mwa Sahara iliazimia kuiondoa katika mkutano wa Dakar mwaka 2001, na kufikia Januari 2006, Kenya ikiwemo, ikawa imeondoka. Kampeni yenyewe iliendeshwa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lenye makao yake Gigiri, Nairobi. Dunia nzima ilimalizana nayo mwaka 2021, Algeria ikiwa ya mwisho.

Kwa hiyo gari la mjomba lilishuka bandarini mwaka 2002 likiwa na sensa ya Japani, ambako risasi ilishasahauliwa, likanyweshwa petroli ya risasi. Baada ya miaka miwili sensa imepofuka, inaidanganya kompyuta, injini inapanda na kushuka. Fundi angeweka sensa mpya ingepofuka vilevile. Akakata waya, injini ikatulia. Taa ikawaka kulalamika, akatoa balbu. Kwa mwaka 2004 yule fundi alikuwa na akili! Kosa halikuwa lake peke yake. Kosa ni kwamba 2006 ilipofika na petroli ikawa safi, hakuna aliyekumbuka kuurudisha waya.

Ngazi ya pili ilikuwa rahisi. Maelezo ya 2011: "Likoni, foleni saa mbili, gari limechemka." Mnaoijua foleni ya feri mchana wa Januari hamhitaji maelezo. Fundi mwingine akafanya lile ambalo nusu ya mafundi wa pwani wangefanya: akaitoa themostati. "Joto la huku halihitaji kitu hicho." Themostati ni mlango unaozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, na ya gari hili hufunguka kwenye nyuzi 82. Kwenye gari la karabureta, ukiitoa unapoteza kidogo, wala huenda usitambue, na mafundi wengi walijifunzia kwenye magari hayo. Kwenye gari la kompyuta ni habari nyingine. Asubuhi barabara ya Tiwi ikiwa wazi, maji yanapoa mno, kompyuta inaamini injini bado ni baridi, inaendelea kuongeza petroli njia nzima kama vile ndiyo kwanza imeamshwa.

Ule mteremko wa miaka miwili? Kwanza tulishuku plagi na kichujio cha hewa; tukavibadilisha, mabadiliko madogo. Kisha nikafanya jaribio lisilohitaji kompyuta. Tukaenda hadi Diani na kurudi bila kukanyaga breki kwa nguvu, nikashika rimu moja moja. Ya mbele kushoto ilikuwa moto wa kuunguza, nyingine tatu vuguvugu. Chumvi ya bahari imekula breki ile ikawa haiachii. Gari lilikuwa likitembea huku limejishika lenyewe.

Tukafungua breki tukaisafisha na kuipaka grisi, tukaweka themostati mpya, tukaunganisha sensa mpya, tukajaza tairi upepo. Kisha mjomba akaendelea na daftari lake kama kawaida. Wastani wa matangi manne ya kwanza: kilomita 12.4 kwa lita. Kwa kilomita 800 anazotembea kwa mwezi, lita 100 zimekuwa kama 65. Siku za kliniki zimetimia na zimebaki. Na kwa kuwa barabara ya Dongo Kundu sasa imefika upande wetu, siku nyingine hapiti foleni ya feri kabisa. Haliuzi gari.

Nimerudi kazini nikiwa na adabu mpya. Mfumo ninaoutunza una mistari mingi ya ajabu iliyoandikwa na watu walioondoka zamani. Nimezoea kuwacheka. Sasa nauliza kwanza: mwaka ule walikuwa wakitiwa petroli gani? Kila kiraka kilikuwa na sababu, na ubaya wake ni kwamba sababu hufa, kiraka kikabaki kinakula kimyakimya.

Fundi wa 2004 hakuacha hata neno moja. Mwalimu mstaafu wa Tiwi, asiyejua kompyuta, aliacha safu ya maelezo, na safu hiyo ndiyo iliyoliokoa gari.

Kesho asubuhi, kabla hujawasha gari lako la zamani, zungusha ufunguo uangalie ile taa ya njano. Isipowaka kabisa, usifurahi. Tafuta balbu.