Boma la Pamba: Historia ya Neno Moja la Upasuaji

Kisenyi iko bondeni, kati ya vilima vya Old Kampala na Mengo. Juu ya Old Kampala, Desemba 1890, Kapteni Lugard alianza kujenga ngome. Upande wa pili, mwaka 1897, daktari Albert Cook alianzisha Hospitali ya Mengo. Ngome na hospitali hukutana katika istilahi moja ambayo sisi wanafunzi wa Kiswahili tunapaswa kuijua: gosipiboma.

Istilahi hii hutaja kitambaa cha pamba kilichosahaulika mwilini baada ya upasuaji, pamoja na uvimbe unaokizunguka. Williams na wenzake waliitumia katika makala yao kwenye jarida la Radiology mwaka 1978. Waandishi wa tiba hueleza kwamba gossypium ni pamba kwa Kilatini, na boma ni Kiswahili, yaani “mahali pa kujificha”.

Maana hiyo ya pili siikubali. Boma ni ua wa mifugo, ngome au makao ya serikali. Boma la Lugard halikufichwa. Lilikaa kilimani, walio bondeni wakaliona. Kinachojificha ni pamba. Boma ni ukuta ambao mwili huujenga kumzingira mgeni huyo. Mwili ukishindwa, usaha na maumivu huja mapema. Ukifaulu, mgonjwa anaweza kukaa miaka mingi bila kujua.

Altrasaundi huweza kulifichua boma hilo. Mawimbi ya sauti yakigonga kitambaa, kioo huonyesha mstari mng'avu uliojikunja, na nyuma yake kivuli cheusi. Hata hivyo, wapo wagonjwa waliodhaniwa kuwa na saratani hadi walipopasuliwa tena.

Taarifa ya kwanza inayotajwa sana ni ya Wilson wa Marekani, mwaka 1884. Mwaka huohuo Robert Felkin alichapisha habari za upasuaji wa uzazi alioushuhudia Bunyoro mwaka 1879. Mganga alinawa mikono kwa pombe ya ndizi, akalisafisha tumbo kwa pombe hiyohiyo, kisha akafunga jeraha kwa pini 7 za chuma. Kufikia siku ya 6 zote zilikuwa zimetolewa. Pini hizo zilionekana nje, hivyo kuzihesabu kulikuwa rahisi. Shashi iliyolowa damu ndani ya tumbo hufanana na nyama, na ndiyo maana ni lazima ihesabiwe. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2008, yenye vipengele 19, inataka muuguzi athibitishe kwa sauti, kabla mgonjwa hajatolewa chumbani, kwamba hesabu ya vitambaa, sindano na vifaa imetimia.

Kwa hiyo napendekeza tuseme “boma la pamba”. Mgonjwa wa Kisenyi anayezungumza Kiswahili akiambiwa ana gosipiboma hataelewa, ingawa nusu ya neno ni lake. Akiambiwa boma la pamba, ataelewa kilichomo tumboni mwake, na ataweza kuuliza ni nani aliyehesabu vitambaa siku ile.