Tabora na Safari ya Karatasi

Karatasi iliingia Unyamwezi kwa mabega ya wapagazi, ndani ya misafara ya vitambaa vya marekani na shanga, ili matajiri wa Kazeh, Tabora ya zamani, waandike hesabu za pembe na barua za Unguja. Ikikwisha, basi. Mwaka 1871 msafiri Livingstone aliishiwa karatasi huko Nyangwe, Manyema. Alichukua gazeti kuukuu la London akaandika juu ya maandishi yake, kwa wino uliotokana na mbegu za mmea wa huko. Mwandishi wa habari Stanley alipompata Ujiji, walikuja pamoja Kwihara, karibu na Tabora, wakafika Februari 1872. Stanley aliporudi pwani, Livingstone alibaki kwenye tembe la huko hadi Agosti.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, lakini Vita Kuu ya Kwanza ikaja. Waingereza walifunga bahari, sarafu zikaadimika, na mwaka 1915 Wajerumani wakaanza kuchapa noti humuhumu nchini. Nyingi zina majina mawili, Daressalam na Tabora. Karatasi za noti hizo hazifanani kwa rangi wala uzito, kwa kuwa walichapa juu ya karatasi yoyote iliyopatikana. Tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji waliutwaa mji.

Miaka yote hiyo mji ulizungukwa na nyuzi. Wanyamwezi wamebandua magome ya miyombo kwa mizinga, malindo na kamba. Hata bangi, iliyovutwa tangu enzi za misafara, ina ganda lenye nyuzi ndefu zifaazo karatasi. Wachina walizitumia zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Ganda hukatwa, huchemshwa kwa kostiki soda, ileile ya watengeneza sabuni, mpaka nyuzi ziachane. Huoshwa, hupondwa iwe rojo, hutandazwa kwenye chujio, hukamuliwa na kukaushwa. Kiini cha bua nacho hufaa, ila nyuzi zake ni fupi.

Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 inakataza kulima bangi, nami siombi ivunjwe. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, kilichoanza mwaka 1985, hutegemea misonobari ya Mufindi, mbali na hapa. Lakini huku mkoani Tabora, Urambo na Sikonge, kila msimu huvunwa majani ya tumbaku, na miti yake hung'olewa ikatupwa au kuchomwa. Nayo ina nyuzi, ingawa fupi. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Tumbi, wekeni sufuria jikoni muichemshe. Watoto wetu wanahitaji madaftari.