Somo la Historia: Magari ya Troli

Fungueni vitabu vyenu, tusome pamoja.

Zamani mjini Mombasa kulikuwa na vigari vidogo vilivyopita juu ya reli. Viliitwa toroli. Abiria aliketi chini ya paa la turubai, na watu wakamsukuma kwa mikono. Vilianza katika miaka ya 1890. Motokaa zilipozidi, katika miaka ya 1920, vikaondolewa. Leo twaviona katika picha za zamani.

Marekani nako kulikuwa na magari ya reli za mjini. Kwanza yalivutwa na farasi. Mwaka 1888, katika mji wa Richmond, fundi Frank Sprague alifaulu kuyaendesha mengi kwa umeme. Waya ulipita juu ya njia. Juu ya paa la gari palikuwa na mlingoti wenye kigurudumu nchani. Kigurudumu kiligusa waya, na umeme ukateremka mpaka kwenye mashine iliyo chini ya sakafu. Kwa sababu ya kigurudumu hicho, gari likaitwa troli.

Halafu yakaja mabasi. Reli ziling'olewa, na magari mengi yakachomwa moto au kugeuzwa mabanda. Mwaka 1939 vijana wachache walinunua gari namba 31 la kampuni ya Biddeford na Saco kwa dola 150. Gari hilo lilijengwa mwaka 1900. Walilipeleka kwenye kiwanja karibu na Kennebunkport, katika jimbo la Maine, pasipo banda wala umeme. Huo ndio mwanzo wa nyumba ya makumbusho iitwayo Seashore Trolley Museum. Leo ina magari zaidi ya 200.

Ukifika huko utapanda troli lililotengenezwa upya, kengele ikilia. Katika karakana utawaona mafundi wakiondoa mbao zilizooza na kutia nyingine. Wengi wao hufanya kazi kwa kujitolea.

Lipo pia gari namba 966 la New Orleans, la mwaka 1924. Tazama viti vyake. Katika mji huo sheria iliwatenga abiria weusi na weupe. Kibao kilichomekwa juu ya kiti, na mtu mweusi hakuruhusiwa kuketi mbele yake. Vibao hivyo viliondolewa mwaka 1958.

Basi, kwa nini kutunza gari kuukuu? Historia si ya wafalme na vita peke yake. Ni ya mpishi, karani na mchukuzi waliokwenda kazini kila asubuhi. Kiti walichokalia ni shahidi wa raha yao na wa uonevu waliotendewa. Ukikichoma, umemwua shahidi.

Maswali:
1. Toroli za Mombasa ziliendeshwa na nini? Na troli za Marekani?
2. Vijana wale walilipa kiasi gani mwaka 1939?
3. Taja kitu kimoja cha kale nyumbani kwako. Kinaeleza nini juu ya wazee wako? Andika sentensi tatu.