Kapata 14 kati ya 50: mtoto wako anajua Kiingereza kiasi gani?

Shule zinapofunga na ripoti zikifika nyumbani, kipindi chetu hupokea ujumbe wa aina moja kutoka Newala, Kitangari, Lukuledi na Chiungutwa. "Mtoto wangu yuko darasa la tatu, Kiingereza kapata 14 kati ya 50. Nimchape? Nimtafutie tuisheni? Au hana kichwa cha lugha?"

Kabla ya kuamua lolote, tuulize kwanza: hiyo 14 imepima nini? Na je, kuna njia nyingine ya kujua mtoto mdogo amefikia wapi? Zipo, na nyingi hazigharimu hata shilingi.

Kwake ni lugha ya tatu

Mtoto wa Newala, juu ya uwanda wa Makonde, huamka na Kimakonde. Mwenzake wa Masasi, kule chini, huenda akaanza na Kimakua au Kiyao. Wote wawili hufundishwa kwa Kiswahili katika shule za msingi za serikali. Kiingereza kinakuja nyuma ya lugha hizo mbili, tena kama somo. Kipindi kikiisha, mtoto hakisikii tena sokoni, kisimani wala shambani.

Lugha huanzia sikioni. Mtoto mchanga ukimwambia "lete kijiko", anakileta kabla hajaweza kutamka neno kijiko. Lugha ngeni nayo huingia hivyo hivyo: mtoto huelewa mengi kabla ya kusema, na husema kabla ya kuandika. Mtihani wa karatasi hupima zaidi kusoma na kuandika, yaani mambo yanayokuja mwisho.

Mimi mwenyewe niliwahi kukatwa alama zote za swali kwa kuandika "tebo" badala ya "table". Neno nililijua na meza niliiona. Nililiandika kama nilivyolisikia, kwa sababu Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa. Nililokuwa silijui ni tahajia ya Kiingereza tu, lakini nilirudi nyumbani nikiamini sijui kitu.

Njia tano za kumpima mtoto

1. Sikia, utende. James Asher, mwanasaikolojia wa Marekani, aliieneza njia hii tangu miaka ya 1960. Mwalimu anasema "Stand up", "Touch the door", au "Put the stone under the chair". Anayetenda ameelewa, hata kama hajafungua mdomo. Tahadhari: watoto huigana. Waite wachache mbele na mpe kila mmoja agizo lake.

2. Kikapu cha vitu. Weka korosho, kijiko, kiazi, jiwe na kitambaa chekundu. Sema "Give me three cashew nuts". Sentensi hiyo moja inapima namba na jina la kitu. Kisha sema "Show me something red", umepima rangi.

3. Mwanasesere anayekosea. Chukua gunzi la mahindi, livishe kitambaa. Mwalimu anashika picha ya kuku, na mwanasesere anasema "This is a goat". Watoto watapiga kelele kumsahihisha, na hapo utajua nani anajua. Mtoto mwenye aibu naye hukubali kuongea akimshika mwanasesere, maana akikosea, aliyekosea ni mwanasesere.

4. Gulio darasani. Mmoja anauza mabibo, mwingine ananunua: "How much?", "Two, please". Mwalimu asikilize tu, asikatize kila kosa. Anachotafuta ni kama ujumbe umefika.

5. Bahasha ya kazi. Kila mtoto awe na bahasha au mfuko wa kuhifadhia michoro na sentensi zake, kila karatasi na tarehe yake. Ukiweka ya Januari kando ya ya Juni, mtoto analinganishwa na yeye mwenyewe, si na jirani yake wa dawati.

Darasa lenye watoto 80 je?

Walimu hutuambia: "Hayo ni mazuri, lakini nina watoto 80." Ni hoja ya kweli. Jibu lake ni kutowapima wote siku moja. Ukiwapima watano kila siku ya masomo, wenzao wakiwa wanachora au wananakili, utawamaliza 80 kwa siku 16, yaani wiki tatu na siku moja. Daftari moja linatosha: jina, kisha safu nne za kusikia, kusema, kusoma na kuandika. Weka alama ya vema anapoweza, nukta anapohitaji msaada, na acha wazi pale ambapo bado.

Wengine wamefanyaje?

Mpango wa Uwezo, uliofanya kazi Tanzania, Kenya na Uganda, ulipeleka watu wa kujitolea hadi majumbani. Walikaa na mtoto mmoja mmoja na kumpa asome kwa sauti kwa ngazi: herufi, maneno, aya, kisha hadithi. Kiingereza nacho kilipimwa hivyo. Jibu lake linaeleweka na kila mzazi: "Mtoto huyu anasoma maneno, hadithi bado." Hapo mwalimu anajua aanzie wapi kesho.

Nao Cambridge wa Uingereza, wanaotunga mitihani ya Kiingereza ya watoto wadogo, hawana kufaulu wala kufeli katika mitihani hiyo. Mtoto hupewa ngao, hadi tano kwa kila sehemu, na mojawapo ya sehemu hizo ni ya kuongea.

Kosa nalo linasema jambo

Mtoto akisema "My mother, he is cooking", usimcheke. Kiswahili kina "yeye" mmoja tu kwa mwanamume na mwanamke, na mtoto amekifuata Kiswahili chake. Anahitaji mazoezi ya "he" na "she".

Akisema "lice" akimaanisha "rice", sauti za r na l zimemchanganya, jambo la kawaida huku kwetu. Mchoree wali na chawa, utaje neno moja, kisha aonyeshe picha. Akipatia kila mara, sikio lake ni zima, na kazi iliyobaki ni ya ulimi. Akikosea, anza na sikio.

Mzazi asiyejua Kiingereza afanye nini?

Geuka mwanafunzi. Mwambie mtoto: "Leo nifundishe maneno mawili." Mnapochambua korosho, ahesabu kwa Kiingereza. Huhitaji kujua kama amepatia yote. Utasikia kama anasema kwa ujasiri au anasitasita.

Na siku ya mkutano wa wazazi, pamoja na kuuliza amekuwa wa ngapi, muulize mwalimu maswali matatu: Anaelewa akiambiwa? Anaweza kusema nini bila kusaidiwa? Amesogea wapi tangu mwanzo wa mwaka?

Karatasi bado ipo

Michezo hii haifuti mitihani. Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne hufanywa kwa karatasi, na mtoto lazima ajifunze kuandika. Lakini aliyekwisha kuelewa na kusema huandika akiwa na kitu cha kuandika.

Jambo zito liko mbele zaidi. Sekondari, karibu masomo yote hufundishwa kwa Kiingereza. Mtoto aliyeambiwa akiwa na miaka tisa kwamba hana kichwa cha lugha huingia kidato cha kwanza ameshakata tamaa, na Biolojia na Jiografia humpita kwa sababu ya lugha, si akili.

Wala lugha ya nyumbani si kikwazo. Hayati Benjamin Mkapa, aliyezaliwa Masasi mwaka 1938 na kusoma shule ya msingi Lupaso, alihitimu shahada ya Kiingereza Makerere mwaka 1962, na baadaye akawa Rais wa nchi hii.

Basi kwa mzazi mwenye ile 14 kati ya 50: weka fimbo chini. Jioni ya leo tandika mkeka, weka vitu vitano vya humo humo ndani, umwombe mtoto avitaje kwa Kiingereza. Akitaja vitatu, umeshajua anaanzia wapi. Kesho ongeza cha nne.