Umbali kati ya ekseli

Umbali kati ya ekseli ni urefu unaopimwa kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma la upande uleule wa gari. Kwa magari yanayoendeshwa nje ya barabara, yaani porini, jangwani, milimani au kwenye matope, kipimo hiki ni miongoni mwa vile vinavyoamua gari litapita wapi na litakwama wapi. Matairi na springi, hata injini, vinaweza kubadilishwa baada ya gari kununuliwa. Ekseli hazisogezwi ila kwa kukata chesisi. Kwa hiyo uchaguzi kati ya gari fupi na gari refu hufanywa mara moja, siku ya kununua, na mara nyingi mnunuzi huangalia bei na idadi ya viti tu.

Hakuna mpaka rasmi kati ya fupi na refu. Kwa mazoea, gari la porini lenye umbali wa chini ya mita 2.5 hivi huitwa fupi, na lenye mita 2.7 au zaidi huitwa refu.

## Kipimo na majina

Umbali kati ya ekseli si urefu wa gari zima. Kila gari lina sehemu inayotokeza mbele ya ekseli ya mbele na nyingine inayotokeza nyuma ya ekseli ya nyuma, na magari mawili yenye urefu sawa yanaweza kutofautiana sana katika umbali wa ekseli.

Wakazi wa Afrika Mashariki walizoea kipimo hiki kupitia majina ya Land Rover. Gari hilo lilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, umbali wake ulikuwa inchi 80 (milimita 2,032), sawa kabisa na ule wa Jeep ya Willys ya vita vya pili vya dunia. Kulingana huko hakukuwa bahati tu, kwa kuwa gari la kwanza la majaribio lilijengwa juu ya chesisi ya Jeep. Katika miaka ya 1950 kiwanda kilianza kutoa magari ya urefu wa namna mbili, kwanza inchi 86 na 107, kisha 88 na 109. Namba hizo ndizo zilizokuwa majina ya magari yenyewe.

Baadaye majina yaliacha kusema kweli. Land Rover 90 ya mwaka 1984 ilikuwa na karibu inchi 93. Ile iliyoitwa 130 ilikuwa na inchi 127. Defender 130 ya kizazi kipya, iliyotolewa mwaka 2022, ina umbali uleule wa Defender 110, milimita 3,022. Kilichoongezwa ni mkia wa nyuma ya ekseli. Anayenunua gari kwa kusoma namba iliyobandikwa mlangoni bila kushika futi kamba anaweza kudanganyika.

Kwa upande wa Toyota, Land Cruiser ya mfululizo wa 70 iliyoanza mwaka 1984 imetolewa kwa vipimo kadhaa: fupi ya milimita 2,310, ya kati ya 2,730 (inayojulikana kama 76), ndefu ya 2,980 (78) na pikapu ya 3,180 (79).

## Tumbo la gari na mgongo wa ardhi

Tofauti kubwa kuliko zote huonekana gari linapovuka mgongo: tuta, ukingo wa mto, kilele cha kilima kidogo au kichuguu kilichobomoka. Magurudumu ya mbele yakiwa yamekwisha kushuka upande wa pili na ya nyuma bado hayajapanda, ardhi inaelekea tumboni mwa gari. Tumbo likiketi juu ya mgongo, magurudumu hupoteza mshiko na gari hukaa pale kama ubao wa pembea.

Jambo hili linaweza kueleweka kwa rula na kitabu. Rula fupi iliyoinuliwa kidogo kwa vipande viwili vya kifutio, kimoja kila mwisho, huvuka ukingo wa kitabu bila kugusa. Rula ndefu iliyoinuliwa kwa kimo kilekile hugusa katikati. Kinachohesabiwa ni uwiano wa kimo cha tumbo na nusu ya umbali kati ya ekseli. Tuseme tumbo liko sentimita 25 juu ya ardhi. Kwa hesabu ya makadirio, gari lenye umbali wa mita 2.3 litavuka mgongo wenye pembe ya nyuzi 24 hivi, na lenye mita 3.0 litaishia nyuzi 19.

Je, gari refu linaweza kuinuliwa hadi lilingane na fupi? Katika mfano huo lingehitaji kuongezwa karibu sentimita 8. Kwa matairi peke yake kazi hiyo ni ngumu, kwa sababu tairi huinua gari kwa nusu tu ya ongezeko la kipenyo chake: ili kupata sentimita 8 lazima tairi liongezeke kipenyo sentimita 16. Njia nyingine ni kuinua springi, na hapo kitovu cha uzito hupanda pia na gari huwa jepesi kupinduka kwa ubavu. Wengine huacha gari kama lilivyo na kufunga bamba la chuma chini yake, wakikubali kwamba tumbo litaburuzwa.

Mfano mzuri wa viwandani ni Suzuki Jimny. Gari la milango 3 lililotolewa mwaka 2018 lina umbali wa milimita 2,250. Mwaka 2023 lilionyeshwa nchini India gari la milango 5 la aina hiyohiyo, likiwa na injini ileile na kimo kilekile cha milimita 210 kutoka ardhini, lakini umbali umeongezwa kwa milimita 340. Pembe ya kuvuka mgongo ilishuka kutoka nyuzi 28 hadi 24, na nusu kipenyo cha kugeuka kikapanda kutoka mita 4.9 hadi 5.7. Hayo ndiyo malipo ya milango miwili na mahali pa kuweka mizigo.

Korongo au mtaro ni kinyume cha mgongo, na hapo gari refu halina hasara hiyo. Mtaro ukiwa mwembamba kuliko umbali kati ya ekseli, ni ekseli moja tu inayoingia kwa wakati mmoja, na nyingine hubaki kwenye ardhi imara ikisukuma au ikivuta. Gari fupi linaweza kutumbukia na ekseli zote mbili. Katika mtaro kinachozuia mara nyingi ni bampa ya mbele na mkia, si tumbo. Mfano wa mkia mrefu ni ile Defender 130 iliyotajwa: pembe yake ya kuondokea nyuma ni chini ya nyuzi 29, wakati ile ya 110 hufikia nyuzi 40.

## Kupanda na kushuka

Gari likipanda mlima, uzito huhamia ekseli ya nyuma. Kadiri ekseli zinavyokaribiana ndivyo unavyohamia kwa wingi zaidi. Gari ambalo kitovu chake cha uzito kiko katikati, sentimita 75 juu ya ardhi, likipanda mwinamo wa nyuzi 30, magurudumu ya mbele hubaki na karibu asilimia 31 ya mzigo iwapo umbali ni mita 2.3, na karibu asilimia 36 iwapo ni mita 3.0. Gari fupi hivyo huwa jepesi mbele, usukani hulegea na magurudumu huanza kurukaruka. Tatizo huzidi pale mwenye gari fupi anapokosa nafasi ndani na kutundika madumu ya mafuta, tairi la akiba na masanduku kwenye mlango wa nyuma.

Wakati wa kushuka mambo hugeuka. Uzito huenda mbele, magurudumu ya nyuma huwa mepesi, na breki ikishikwa ghafla kwenye changarawe nyuma huanza kupita pembeni. Gari fupi hugeuka upande kwa haraka zaidi, na dereva ana muda mfupi wa kulirudisha. Dawa kwa magari yote ni gia nzito na mguu mwepesi kwenye breki.

Mteremko peke yake haulishindi gari refu. Kreta ya Ngorongoro ina kina cha takriban mita 600, na magari marefu ya watalii hushuka kwa njia ya Seneto na kupanda kwa njia ya Lerai. Ni mwinamo mkali, lakini njia imechongwa, na hakuna mgongo wa kugusa tumbo.

## Kona, matope na mchanga

Magurudumu yakikatwa kwa pembe ileile, nusu kipenyo cha kugeuka hukua sawasawa na umbali kati ya ekseli. Magurudumu ya nyuma nayo hayafuati njia ya yale ya mbele bali hukata kona kwa ndani, na katika gari refu hukata zaidi. Msituni, kati ya miti, au kwenye njia ya mlimani yenye kona za kurudi nyuma, gari fupi hugeuka mara moja pale ambapo refu linalazimika kurudi nyuma mara mbili au tatu. Kurudi nyuma huko kando ya bonde ndiko kunakoleta ajali.

Kwenye matope, hasa udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika, gari refu hushika mwelekeo vizuri na gari fupi hupenda kuzunguka. Lakini mifereji iliyochimbwa na malori ikiwa na kina, gari fupi huchomoka kwa urahisi zaidi, na refu hulazimika kufuata mfereji hadi mwisho. Juu ya barabara ya vumbi iliyofanya migongo kama bati, refu hutulia zaidi.

Katika mchanga mlaini jambo la kwanza ni upepo wa matairi na uzito wa gari, umbali wa ekseli hufuata baadaye. Juu ya vilele vya matuta ya mchanga, kama yale ya Wahiba nchini Oman, kanuni ya mgongo hurudi: dereva wa gari refu akisita kileleni hukaa kwa tumbo na kuanza kuchimba kwa koleo.

## Mzigo, abiria na wagonjwa

Kama swali lingekuwa kuvuka vikwazo tu, kila mtu angenunua gari fupi. Magari mengi ya porini Afrika Mashariki, hata hivyo, hayanunuliwi kwa michezo. Yanabeba watu, maji, chanjo, vipuri na wagonjwa.

Gari la wagonjwa huonyesha jambo hili waziwazi. Machela ina urefu wa karibu mita 2, na muuguzi anahitaji kiti pembeni yake. Gari fupi halina nafasi hiyo, ndiyo maana Land Cruiser 78 huonekana sana kwenye vituo vya afya vya vijijini. Pia kuna suala la kutikiswa. Gurudumu la mbele likipanda jiwe la sentimita 10, gari la mita 2.3 huinama kwa nyuzi 2.5, na la mita 2.98 kwa nyuzi 1.9. Tofauti inaonekana ndogo, lakini ikirudiwa mara elfu kadhaa kabla ya kufika hospitali, mama mwenye uchungu anaihisi. Anayeketi au kulala nyuma ya ekseli ya nyuma ndiye anayerushwa zaidi, kwa hiyo kadiri machela inavyowekwa mbele ndivyo inavyofaa.

Mashindano ya Camel Trophy ya mwaka 1991, yaliyopita Tanzania na Burundi, yalitumia suluhisho la kuchanganya: timu ziliendesha Land Rover Discovery za inchi 100 (milimita 2,540), na nyuma yake magari ya 110 yakafanya kazi ya kusaidia. Shirika lenye magari kadhaa linaweza kuiga mpango huo. Lenye gari moja halina nafasi hiyo, na kwa kawaida humfaa kuchukua refu, mradi njia zake zimewahi kuchongwa. Kwa mtu mmoja au wawili wanaofanya kazi milimani au msituni wakiwa na vifaa vichache, fupi ni bora na hula mafuta kidogo kwa kuwa mara nyingi ni jepesi.

## Magari yaliyorefushwa

Arusha kuna karakana zinazokata chesisi ya Land Cruiser na kuunga kipande katikati ili kuongeza safu ya viti na paa la kufunguka kwa ajili ya watalii. Kazi hiyo si ngeni: hata Land Rover ya inchi 127 ilianza kwa kukatwa chesisi ya 110 na kuongezwa inchi 17.

Ikifanywa vizuri, gari hudumu miaka mingi. Hata hivyo, kurefusha chesisi hakuongezi uwezo wa ekseli, breki wala springi. Uzito wa juu uliowekwa na kiwanda unabaki palepale, na mwili mrefu zaidi umekwisha kula sehemu yake kabla abiria hawajapanda. Propela nayo hurefushwa au huwekewa beringi ya katikati, na ikikosewa hutetemeka. Chesisi ndefu hujipinda zaidi ekseli moja ikielekea kushoto na nyingine kulia, na nyufa huanzia kwenye maungio.

Anayenunua gari la namna hii likiwa limetumika huoshwa matope kwanza chini ya gari, kisha hukagua kila weldi kwa tochi. Baada ya hapo hunyoosha magurudumu ya mbele na kupima umbali kati ya ekseli upande wa kushoto na wa kulia. Vipimo viwili vikitofautiana kwa zaidi ya milimita chache, chesisi imepinda au iliungwa vibaya.